Fremu na ganda la tela la kambi: mwongozo kamili wa kuchagua vifaa kwa anayejitengenezea

Kinachoua matela ya kambi kwenye barabara zetu ni mtikisiko. Mzigo unaweza kuupunguza, lakini ukishaiacha lami kupita Ngorongoro kuelekea lango la Naabi, au ukishatoka Maralal kwenda Baragoi, barabara imejikunja kama bati la migongo, na kila mkunjo ni kipigo kwa kila kiungo ulichochomelea. Piga hesabu mwenyewe: mikunjo ikiwa imeachana sentimita 80, na wewe unakwenda kilomita 40 kwa saa, gurudumu moja linapigwa mara 50,000 ndani ya saa hiyo moja.

Ndiyo maana michoro mingi ya matela inayopatikana mtandaoni inahitaji kuangaliwa upya kabla ya kuifuata. Mingi imechorwa Marekani, kwa watu wanaotoka nyumbani hadi kambini juu ya lami. Kule sanduku la mbao na alumini nyembamba linaishi miaka mingi. Huku linahitaji mpango mwingine, na mpango wenyewe ninaoutetea ni huu: chuma chini, wepesi juu, na katikati kiungo kinachokubali kucheza.

Hatua ya kwanza: uzito, kabla ya kununua bomba hata moja

Fungua kitabu cha gari lako utafute uzito linaoruhusiwa kuvuta. Utakuta namba mbili, ya tela lenye breki zake na ya tela lisilo na breki. Hii ya pili ni ndogo zaidi, na kwa magari mengi ya familia haizidi kilo 750. Kama tela lako halitakuwa na breki, hiyo ndiyo dari yako, na maji, gesi, magodoro na vyombo vyote vimo humo. Panga pia vitu ili karibu asilimia 10 ya uzito wa tela iegemee kwenye ndoano ya gari. Ikipungua sana, tela huanza kuyumba mkia ukiwa kwenye mwendo.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho: sanduku la kulala watu wawili, urefu mita 2.4, upana mita 1.5, kimo mita 1.2, jiko nyuma. Vipimo hivyo vina sababu. Plaiwudi na mabati bapa huuzwa futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22, kwa hiyo kila ubavu unatoka kwenye karatasi moja bila kiungo. Paa ndilo lenye shida, kwa sababu upana wa mita 1.5 unazidi karatasi. Ukiweza kupata alumini yenye upana wa mita 1.5, inunue hata kama bei imesogea juu kidogo, maana paa lisilo na kiungo ni tatizo moja kubwa ulilolifuta. Ukikosa, weka kiungo kikatize upana wa tela, kipande cha mbele kikilalia cha nyuma, ili upepo wa mwendo usisukume maji ndani.

Mbavu mbili, paa, mbele na nyuma vinakupa ganda la mita za mraba 13 hivi. Iandike namba hiyo mahali. Tutaizidisha mara nyingi.

Jambo jingine la kumaliza mapema ni usajili. Tela husajiliwa na kupewa namba yake, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya. Waulize masharti yao ya vipimo, taa na namba ya chasisi wakati ungali na karatasi mkononi. Kukata chuma kilichokwisha kuchomelewa ni hasara.

Hatua ya pili: chasisi

Hapa sina mjadala: chuma. Sababu ya kwanza imo ndani ya metali yenyewe. Chuma kikitikiswa chini ya kiwango fulani cha nguvu, kinaweza kutikiswa karibu bila mwisho pasipo kupata ufa. Alumini haina kiwango hicho. Kila kipigo, hata kidogo, kinajumlishwa, na siku moja ufa unatokea. Sababu ya pili ni fundi. Ukivunjikiwa Mto wa Mbu au Baragoi utampata mtu mwenye mashine ya kuchomelea na rodi za chuma. Wa kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni, pengine hadi urudi mjini.

Kwa tela la mfano wetu chagua bomba la mstatili la mm 75 kwa 50, unene mm 3, ule upande wa 75 ukisimama. Mabomba haya huuzwa kwa mita 6, na matatu yanatosha kabisa. Moja linatoa boriti mbili za pembeni za mita 2.4. La pili linatoa vipande vinne vya mita 1.4 vya kukatiza. La tatu linatoa miguu miwili ya mkono wa kuvutia, kila mmoja mita 2.4. Mabaki yatakuwa vipande vya kuimarishia kona.

Usikubali unene kwa kuambiwa dukani. Nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, pima kwenye ncha iliyokatwa, mbali na ukingo uliovimba kwa msumeno. Ukiweza, liweke bomba zima kwenye mizani. Bomba la 75 kwa 50 lenye mm 3 kamili, mita 6, linapaswa kuwa na kilo 32 au 33. Likisoma 28, ni la mm 2.5, hata kama limeandikwa 3 kwa chaki. Kwa geti la nyumba tofauti hiyo haina madhara. Kwenye mkono wa tela inaleta ufa.

Miguu ya mkono wa kuvutia isiishie kwenye boriti ya mbele. Ipite chini yake na kurudi nyuma hadi karibu na mahali springi zinapofungwa. Pale mkono unapokutana na boriti ya mbele ndipo penye mateso makubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya tela. Mwambie fundi asipige mshono unaokatiza bomba la mkono kutoka upande hadi upande, juu wala chini. Mishono iende kwa urefu wa bomba, na kibapa cha kuimarishia kikatwe mshazari kwenye ncha zake. Ufa huanza pale mshono unapoishia ghafla, na mshono unaokatiza bomba ni mwaliko kwa ufa kupita moja kwa moja. Vivyo hivyo usitoboe matundu ya bolti juu au chini ya bomba hilo. Toboa ubavuni, katikati ya kimo.

Kuhusu kutu: kama upo mji wenye kiwanda cha kuchovya chuma kwenye zinki ya moto, chovya chasisi nzima baada ya kuchomelea. Lazima kila bomba liwe na matundu ya kupitisha hewa na kutoa zinki, maana bomba lililozibwa linaweza kulipuka ndani ya lile beseni. Kiwanda kisipokuwepo, saga magamba yote meusi, piga praima yenye zinki, kisha rangi mikono miwili. Ukitumia mabomba yaliyokuja tayari na zinki, saga zinki yote pale utakapochomelea na ufanyie kazi nje. Moshi wake huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, na ni rahisi kuidhania malaria bila kujua chanzo.

Jumla ya chasisi hadi hapa ni karibu kilo 90.

Hatua ya tatu: fremu ya juu

Hapa una njia nne za kweli.

Chuma chembamba, bomba la mraba la mm 25 kwa 25 lenye unene wa 1.5, lina kilo 1.1 kwa mita. Sanduku letu linahitaji mita 40 hivi, yaani kilo 44. Usishuke chini ya 1.5 kama utatumia rodi, kwani bomba la 1.2 linatoboka mikononi mwa fundi yeyote asiye makini. Mashine ya kuchomelea kwa waya inafanya kazi safi zaidi.

Alumini ya 25 kwa 25 yenye unene wa mm 2 ina nusu kilo kwa mita. Fremu nzima inakuwa kilo 20. Inavutia, lakini sikiliza: alumini ya kawaida ya mabomba inapochomelewa, sehemu iliyopata moto inapoteza theluthi moja ya nguvu yake au zaidi. Ukichagua alumini, iunganishe kwa vibati vya kona, gundi na ribiti. Na zile profaili za madirisha zinazouzwa kila mji zitumie kwa madirisha tu. Kuta zake ni nyembamba na hazikukusudiwa kubeba paa lenye hema na matairi ya akiba.

Mbao inawashangaza wengi kwa uzito. Mbili kwa mbili ya paini, ambayo haijapigwa randa, ina kilo 1.25 kwa mita. Ni nzito kuliko bomba la chuma nililolitaja! Faida yake iko kwingine: inameza mtikisiko, inashika skrubu vizuri, na haipitishi baridi ya usiku. Paini au saiprasi iliyokauka vizuri inatosha. Mninga na msaji ni bora mbele ya unyevu, ila bei yake utaihisi. Mbao mbichi iache sokoni, kwani ikikaukia ndani ya tela inajipinda na kuvuta ganda lote. Viungo vyote viwe gundi na skrubu. Msumari unajitoa wenyewe kwa mtikisiko. Tela la mbao lisiegeshwe juu ya udongo miezi mingi, mchwa hawasubiri.

Njia ya nne haina fremu: plaiwudi ya mm 4, kisha ubao wa polistirini ngumu (povu jepesi la plastiki) wa mm 25, kisha plaiwudi nyingine ya mm 4, vyote vikagandishwa kwa gundi iliyoenea kila sehemu. Ukuta huo una kilo 6 hivi kwa mita ya mraba na ugumu mkubwa, kwa sababu zile karatasi mbili zimetenganishwa. Unahitaji kuzamisha vipande vya mbao kila mahali pa bawaba na bolti. Ni kazi nzuri kwa mwenye subira na karakana yenye kivuli, lakini tawi likitoboa ukuta huo porini, matengenezo yake si ya jioni moja.

Kwa njia za changarawe mimi nachagua chuma chembamba. Ila fremu hiyo usiichomelee kwenye chasisi. Ifunge kwa bolti sehemu sita au nane, na kila sehemu uweke kipande cha mpira mnene, kwa mfano mkanda wa mashine uliochakaa. Chasisi itajipinda kidogo kwenye makorongo, na fremu ya juu haitalazimika kujipinda nayo.

Hatua ya nne: ganda

Rudi kwenye zile mita za mraba 13. Bati jeusi la mm 1 linakuwa kilo 102. Alumini ya mm 1.2 ni kilo 42. Alukobondi ya mm 4, ile ya mabango yenye karatasi mbili nyembamba za alumini na kiini katikati, ni kilo 72 hivi. Plaiwudi ya mm 6 ni karibu kilo 47, ikitegemea mti uliotumika.

Bati jeusi la chuma nalikataa kwa tela la kambi. Kilo 60 za ziada, na ziko juu, mahali zinapofanya tela kupinduka kirahisi. Bati bapa la zinki la geji 28 lina unene wa karibu mm 0.4 (kumbuka geji ikipanda, bati linakuwa jembamba), kwa hiyo uzito wake unakaribia wa alumini. Shida yake ni kwamba linapiga ngoma njia nzima na linabonyea kwa kidole. Linafaa tu likiwa limegandishwa juu ya plaiwudi.

Alumini ndiyo chaguo langu kwa safari ndefu za vumbi. Uliza daraja lake. Ya 5052 inahimili chumvi na kupindwa, ya 3003 inafaa bara. Ile laini isiyo na daraja linalojulikana inachanika kwenye ribiti.

Alukobondi ni bapa, inagandishika vizuri na inapendeza. Lakini kiini chake mara nyingi ni plastiki inayowaka, kwa hiyo isikae karibu na jiko.

Plaiwudi inahitaji maelezo zaidi, maana hapa ndipo pesa hupotea. Ule ubao wenye uso mweusi unaong'aa, ambao madukani wanauita marine, umetengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege. Kwa sakafu ni mzuri. Kwa ganda ni mzito, na rangi haishiki kwenye uso wake. Kwa plaiwudi nyingine yoyote, omba kipande cha ukubwa wa kiganja, kitie kwenye sufuria na ukichemshe saa tatu au nne, kisha kianike. Kiangalie ubavuni. Tabaka zikiwa zimeshikana na kisu hakiingii kati yake, gundi ni ya kuhimili maji. Zikifunguka, hata uipake rangi ngapi, mvua ya masika itaifungua. Angalia pia kama tabaka za ndani zina mapengo. Maji yakiingia kwenye pengo hayatoki.

Plaiwudi lazima ivishwe. Mavazi bora ni kitambaa cha faibaglasi na resini ya epoksi (kimiminika kinachoganda kuwa kigumu), kazi ambayo mafundi wa boti wa Mombasa, Dar es Salaam na Mwanza wanaifahamu. Resini ya poliesta ni nafuu, ila inashika mbao vibaya zaidi, hasa miti yenye mafuta kama msaji. Mwenye bajeti ndogo anaweza kutandika turubai jembamba la pamba juu ya gundi ya mbao isiyoyeyuka majini, kisha rangi ya nje ya nyumba mikono mitatu au minne. Linahitaji kupakwa tena kila baada ya muda, lakini linazuia maji, na likichanika unaweka kiraka barazani kwako.

Kwa anayeishi pwani na kusafiri zaidi kwenye lami, plaiwudi iliyovishwa faibaglasi naiweka mbele ya alumini. Chumvi haina cha kula hapo.

Chaguo lolote utakalofanya, sehemu ya mbele kutoka chini hadi sentimita 40 iongezee ngao ya alumini yenye nakshi au mpira mnene. Mawe yanayorushwa na matairi ya gari yanapiga hapo moja kwa moja.

Hatua ya tano: kuunganisha ganda na fremu

Hatua hii ndiyo inayotofautisha tela la mwaka mmoja na la miaka 15, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote.

Alumini inatanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Karatasi ya mita 2.4 ikitoka kwenye baridi ya alfajiri ya nyuzi 18 hadi nyuzi 68 juani, inaongezeka mm 2.8. Bomba la chuma la urefu huo huo, hata likipata joto lile lile, linaongezeka mm 1.4 tu. Ukiwa umefunga kwa ribiti peke yake, kila siku ribiti zinavutwa, matundu yanakuwa mayai, na maji yanapita. Dawa ni gundi ya poliyurethani ya magari, kama Sikaflex 252, iliyoachwa na unene wa mm 2 hadi 3 ili iweze kunyumbuka. Bandika vipande vya utepe wa sponji wa mm 3 kwenye fremu kwanza, halafu mistari ya gundi kando yake, kisha karatasi. Bila vipande hivyo utaibana gundi yote nje. Ribiti zibaki za kushikilia kingo tu.

Alumini ikigusa chuma mbele ya maji ya chumvi, alumini inaliwa. Chuma kiwe kimepakwa praima na rangi kabla ya gundi, na pasiwepo sehemu yoyote ambapo metali mbili zinagusana uchi. Ribiti nyingi za alumini zina msumari wa chuma ndani, na ndiyo hiyo mistari ya kutu unayoiona ikichuruzika kwenye matela meupe. Tafuta zenye msumari wa chuma cha pua, zilizofungwa kichwa cha nyuma.

Silikoni inayonuka siki iache bafuni. Asidi yake inakula metali, na rangi haishiki juu yake. Kwenye viungo vya paa tumia utepe wa butili, mpira laini unaonata, chini ya kibapa cha kufunikia.

Hatua ya sita: sakafu, ubaridi na rangi

Sakafu iwe ule ubao mweusi wa zege wa mm 12, kilo 26 hivi. Kingo zake zilizokatwa zipake epoksi au rangi ya mafuta mara mbili, maana uso unazuia maji lakini ukingo unayanywa.

Usiku wa Njombe au Nanyuki, pumzi za watu wawili zinageuka maji kwenye kila bomba lililo wazi ndani. Jaza polistirini ya mm 25 kati ya mabomba, na juu ya mabomba yenyewe bandika utepe wa sponji kabla ya plaiwudi ya ndani ya mm 4. Tundu moja la hewa chini, jingine juu, yote na wavu. Polistirini na plaiwudi hiyo vinaongeza kilo 41.

Rangi iwe nyeupe au ya mchanga. Nyeusi na buluu zinavuta joto, na pia zinavuta mbung'o. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi kwa sababu hiyo hiyo. Ukienda Katavi au Tarangire utashukuru.

Sasa jumlisha: chasisi 90, fremu 44, ganda la alumini 42, sakafu 26, polistirini na plaiwudi ya ndani 41, ekseli na springi na magurudumu 110, milango na jiko 50. Ni kilo 403. Ongeza maji lita 60 na mizigo kilo 90, uko 553. Bado una nafasi chini ya 750.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya safari

Kabla ya kuweka ubao wa ndani, mwagia tela maji ya mpira kwa nguvu kutoka mbele na juu, mwenzako akiwa ndani na tochi. Kisha funga milango na uliendeshe kwenye vumbi likiwa tupu. Hewa nyuma ya tela hunyonya, kwa hiyo vumbi utalikuta kwenye mlango wa jiko kwanza, na mistari yake itakuonyesha pa kuongeza mpira.

Lipime kwenye mizani likiwa na mzigo wote. Baada ya kilomita 100 za kwanza za changarawe kaza bolti zote upya, na urudie baada ya 500. Viungo vya mkono na vishikio vya springi vipake rangi nyepesi, kijivu au nyeupe, hata kama chasisi yote ni nyeusi. Ufa mpya hutokeza kama mstari mwembamba wa kutu unaochuruzika, na kwenye rangi nyeusi hutauona hadi mkono uanze kulegea. Ukiuona, simama hapo hapo. Toboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, nenda polepole hadi kwa fundi wa karibu, na asage hadi kwenye chuma cheupe kabla ya kuchomelea.